Kabla Hujaandika Mapenzi ya Zamani, Jua Bei ya Mshumaa

Mwaka 1927 Mwingereza mmoja kijana, mwandishi wa riwaya Georgette Heyer, alisafiri hadi Kyerwa, ambayo leo ni wilaya mkoani Kagera, kumfuata mumewe aliyekuwa akitafuta madini ya bati. Walikaa porini katika nyumba ya matete, vitabu vyake vingi vya rejea vimebaki Uingereza. Humo ndani akaandika riwaya nzima ya mapenzi iliyotokea Uingereza ya karne ya 18. Aliweza kwa sababu zama zile zilikuwa zimeshamkaa kichwani: watu walivaa nini, walilipa nini, nani aliinuka nani alipoingia chumbani. Kitabu chake cha kwanza kilikuwa kimetoka mwaka 1921, na aliendelea kuandika hadi karibu na kifo chake mwaka 1974.

Wengi wanaotaka kuandika riwaya ya namna hii huanza na wapenzi wawili, kisha huwatafutia zama kama mtu anayechagua kanzu dukani. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Jiulize kwanza: ni kitu gani cha zama hizo kinachowazuia wawili hawa wasioane? Ukiona kizuizi chako kinaweza kuhamishiwa Dar es Salaam ya leo bila kubadilika chochote, andika hadithi ya leo, upunguze gharama.

Chukua Unguja ya miaka ya 1860. Kizuizi chako kinaweza kuwa upepo. Majahazi ya Maskati yalikuja na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, yakarudi na kusi kuanzia Aprili. Kusi ikikolea, Juni na Julai, bahari ilichafuka na vyombo vikubwa vikasubiri bandarini. Kwa hiyo barua aliyoituma kijana mwezi Mei haina majibu mpaka kaskazi irudi, nusu mwaka au zaidi. Katika muda huo binti anaweza kuposwa, kuolewa na kumaliza fungate. Hukuhitaji hata mtu mwovu wa kuficha barua. Lakini ukiisogeza hadithi ileile hadi baada ya mwaka 1872, meli za moshi za posta zimeshaanza safari za kila mwezi. Na mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi umeshafika kutoka Aden. Njama yako imekufa na hukujua.

Basi chagua mwaka, usichague “zamani”. Andika mwaka huo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari, kisha uanze kadi za kumbukumbu.

Heyer alikuwa na zaidi ya vitabu 1,000 vya historia, lakini siri haikuwa wingi wa vitabu. Siri ilikuwa kumbukumbu alizozipanga kwa mafungu: mavazi, kofia, rangi, mambo ya nyumbani, bei, maduka. Aliandika hata mishumaa iliuzwa kwa bei gani mwaka fulani. Alipoandika riwaya ya vita vya Waterloo, iliyotoka mwaka 1937, alinunua barua halisi ya Duke wa Wellington, jemadari wa Waingereza katika vita hivyo, ili aushike mtindo wa maneno yake.

Wewe fanya hivi: kadi ngumu za sentimita 10 kwa 15, kitu kimoja kwa kila kadi. Juu kushoto jina la kitu, juu kulia mwaka, katikati maelezo kwa maneno yako, chini chanzo na ukurasa. Mstari wa chini ndio watu huuruka, kisha mhariri akiuliza “umeitoa wapi?” wanapoteza wiki mbili wakitafuta. Kadi 150 hadi 200 zinatosha kuanza kuandika. Ukingoja 1,000, hutaanza. Kwa pwani, vyanzo viwili vina utajiri wa ajabu: kumbukumbu za Seyyida Salme, binti wa Seyyid Said, zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, na Desturi za Waswahili za Mtoro bin Mwinyi Bakari, zilizochapishwa mwaka 1903. Za Salme zitakupa nyumba za kifalme kwa ndani; za Mtoro zitakupa posa, mahari, kilemba cha baba, mkaja wa mama na kazi ya kungwi. Kumbuka tu kwamba Salme aliandika akiwa Ujerumani, miaka mingi baada ya kuondoka mwaka 1866, akiikumbuka nyumba ambayo hakuruhusiwa tena kuiita yake. Tarehe zake zipime kwa chanzo kingine.

Makosa yanayoonekana haraka ni ya majengo. Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la Unguja, ilijengwa mwaka 1883, kwa hiyo mpenzi wa 1865 hawezi kumsubiri mwenzake mbele yake. La pili ni kanga: msichana wa 1865 anatuma ujumbe wake kwa maneno ya kanga. Wakati ule walivaa merikani, kaniki na leso; kanga yenye maandishi ni ya karne ya 20.

Makosa magumu zaidi yamo katika lugha yenyewe, maana yanapita chini ya macho ya mwandishi na ya mhariri pia. “Shule” tumeipata kwa Wajerumani. Mtoto wa Unguja wa 1865 alikwenda chuoni, yaani kusoma Kurani. “Hela” ni Heller, sarafu iliyoletwa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904. Mwache tajiri wako ahesabu riale, rupia na pesa. Uzito wa karafuu upime kwa frasila, ambayo ni takriban kilo 16. Kabla ya kumaliza muswada, tafuta kila neno lililotoka Kijerumani au Kiingereza ndani ya mazungumzo, ulipime kwa mwaka uliouandika kwenye daftari. Kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu. Usifikie kuandika Kiswahili cha tenzi lakini, kwani msomaji atachoka kabla ya sura ya tatu. Yaondoe maneno yasiyokuwepo, na heshima uiache ifanye kazi: “Mwana”, “Bibi”, “Bwana”, nani anatangulia kusalimu.

Kuna jambo moja ambalo halitaki kupambwa. Nyumba ya tajiri wa Unguja mwaka 1865 iliendeshwa na watumwa, na masuria wake hawakuwa na nafasi ya kukataa. Mama yake Salme mwenyewe alikuwa suria. Riwaya inayowageuza watu hao kuwa vivuli vinavyoleta kahawa inadanganya, na inayoliita tendo la bwana kwa mtumwa wake “mapenzi” bila kuuliza inawadhulumu waliokuwa hai. Mpe suria jina, lugha aliyotoka nayo kwao, na kitu anachokitaka yeye.

Ukianza kuandika, maneno 800 kwa siku, siku tano kwa wiki, yanakupa muswada wa maneno 80,000 ndani ya wiki 20. Kadi ziache droo nyingine wakati wa kuandika. Usipokumbuka jambo, weka alama ya nyota uendelee. Anayesimama kutafuta jina la kitambaa saa tatu asubuhi hurudi saa nane akiwa na habari za vitambaa kumi na mbili, na zote atataka kuzitumia. Kati ya kadi zako, moja kwa tano ikiingia kitabuni inatosha.

Halafu pesa. Baba yake Heyer alifariki mwaka 1925, na kalamu yake ikawa tegemeo la wadogo zake wawili. Mwaka 1926 kitabu chake kilitoka Uingereza ikiwa kwenye mgomo mkuu, hakikupata tangazo wala uhakiki, kikauza nakala 190,000. Tangu hapo akakataa kujitangaza maisha yake yote. Usimuige. Jingine la kujihadhari nalo ni hili: karibu na mwaka 1940, akibanwa na kodi, aliuza kwa mchapishaji, kwa pauni 750, haki za kuuza vitabu vyake vitatu katika nchi za Jumuiya ya Madola. Baadaye rafiki yake ndani ya kampuni hiyo alitaka kumrudishia haki hizo kwa bei ileile. Akakataa, kwa kuwa alishatoa neno lake.

Kwenye mkataba wako, toa haki ya kuchapa kwa Kiswahili tu, kwa miaka mitano, na ubaki na tafsiri, sauti na filamu. Kisha uliza mrabaha, yaani fungu la mwandishi kwa kila nakala iliyouzwa, wa asilimia 10 unahesabiwa juu ya nini. Kitabu cha shilingi 15,000 kwa bei ya jalada kinakupa 1,500. Ikiwa muuza duka amepunguziwa asilimia 40, na mkataba unasema “kwa pesa iliyopokelewa”, mchapishaji amepokea 9,000 nawe unapata 900. Taka hesabu mara mbili kwa mwaka, kwa maandishi, yenye idadi ya nakala zilizochapwa, zilizouzwa na zilizobaki ghalani.