Kabla ya Kuuliza Bei, Kigeuze: Ushauri kwa Anayeanza Kukusanya Vikombe vya Kahawa vya Kale

Kila likizo ikikaribia, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja. Jamaa wa Mombasa na Unguja wanajua nakaa Birmingham, na wanajua Jumapili asubuhi sikosekani kwenye yale masoko ya viwanjani ambako watu huuza vitu vyao kutoka kwenye buti za magari. Basi wananitumia picha. Dada, seti hii ni ya fedha kweli? Kauri hii ni ya kizamani au ya juzi? Picha zenyewe zimepigwa kwa juu, maua yanameremeta, mstari wa dhahabu unang'aa, kisahani kimekaa vizuri kwenye kitambaa cha mezani. Siwezi kujibu. Nipigieni picha ya kitako.

Hivi vikombe vidogo, ambavyo Wafaransa huviita demitasse na ambavyo hubeba mililita 60 hadi 90 hivi, vimepambwa kwa nje ili vikupendeze, na vinafanikiwa. Habari za kweli ziko chini, kwa sababu alama za chini ziliwekwa kwa ajili ya sheria, ushuru wa forodha na hesabu za kiwanda. Mtu aliyezigonga hakuwa na haja ya kukubembeleza.

Tuanze na fedha, maana fedha ya Uingereza ndiyo nyepesi kusoma kuliko zote. Chukua kijiko cha kahawa, kile chembamba chenye umbo la punje ya buni kwenye ncha ya mpini. Vilipendwa sana miaka ya 1920 na 1930, vikiuzwa sita sita ndani ya kasha lenye bitana ya mahameli na hariri. Kigeuze, weka lenzi ya sonara inayokuza mara 10, uangalie nyuma ya mpini. Utaona mihuri midogo iliyopangwa mstari. Herufi mbili au tatu ni za aliyekipeleka kupimwa. Simba anayetembea, mguu wa mbele ameuinua, anakuhakikishia kwamba katika kila sehemu 1000 za madini hayo, 925 ni fedha halisi. Kisha kuna alama ya mji: kichwa cha chui ni London, taji ni Sheffield hadi mwaka 1974 (baadaye wakatumia waridi), na nanga ni Birmingham. Mtoto wa pwani lazima aulize nanga inatafuta nini katika mji usio na bahari. Inasimuliwa kwamba Matthew Boulton, mwenye kiwanda wa Birmingham, na wenzake wa Sheffield, walipokwenda London kuomba Bunge liwaruhusu kuwa na ofisi zao za kupima fedha mwaka 1773, walikuwa wakikutana kwenye baa iliyoitwa Crown and Anchor, yaani Taji na Nanga, na kila mji ukajichukulia nusu ya jina.

Muhuri wa mwisho ni herufi ya mwaka, na hapa ndipo watu hujikwaa. Birmingham walianza upya na A mwaka 1925, wakaanza tena na A mwaka 1950. Kwa hiyo usiseme tu "nimeona A". Tazama herufi imeandikwa kwa mtindo gani, ni kubwa au ndogo, na ngao iliyoizunguka ina umbo gani, kisha ulinganishe na jedwali la mji ule ule. Ukiona pia kichwa cha mfalme au malkia kimoja ukitazama kwa upande, mara nyingi chombo ni cha kati ya 1784 na 1890, kwani hiyo ilikuwa alama ya kodi iliyolipwa. Vichwa viwili pamoja, vya Mfalme George V na Malkia Mary, ni vya jubilei ya 1935, na wakusanyaji huvipenda.

Sheria ya sasa ya Uingereza hailazimishi mhuri kwa kitu cha fedha kisichofika gramu 7.78, kwa hiyo kijiko chepesi kisicho na mhuri si lazima kiwe bandia. Hata hivyo, mimi sikilipii bei ya fedha.

Sasa hao wanaodanganya macho. Herufi EPNS, mara nyingi zikiwa ndani ya vingao vidogo vinavyofanana kabisa na mihuri ya fedha, maana yake chombo kimechovywa tu. Ndani ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, juu kuna utando wa fedha uliowekwa kwa umeme, ufundi ambao kampuni ya Elkington ya hapa hapa Birmingham iliukatia hataza mwaka 1840. Majina kama "German silver", "Nevada silver" na "Alpaca" yana aibu zaidi: yakiwa peke yake, hamna fedha hata kidogo. Sumaku haitakusaidia, kwani hainasi fedha wala hainasi shaba. Kinachosaidia ni kutazama panaposuguliwa: mgongo wa kijiko pale unapogusa meza, kingo za trei, bawaba ya kifuniko cha birika. Utando ukiisha, rangi ya manjano au kijivu kilichofifia hujitokeza. Sisemi usinunue vya kuchovya. Birika la kuchovya la kutumia kila siku ni zuri tu. Lipa bei ya kuchovya.

Vya bara la Ulaya vina lugha yao. Namba 800 pamoja na taji na mwezi mwandamo ni Ujerumani, baada ya 1888. Kichwa cha Minerva, mwanamke aliyevaa kofia ya chuma, ni Ufaransa tangu 1838, na daraja lake la kwanza ni 950, yaani fedha safi zaidi ya ile ya Kiingereza.

Kwenye kauri mambo yanachangamka. Kwanza washa tochi ya simu, uiweke ndani ya kikombe. Kauri halisi hupitisha mwanga, na kivuli cha kidole chako huonekana kwa upande wa pili. Mwanga huo huo utakuonyesha ufa mwembamba wa unywele ambao macho matupu hayauoni. Pitisha kucha mdomoni mwa kikombe, polepole, mzunguko mzima, kisha mahali mkono unaposhikana na kikombe, juu na chini. Huko ndiko gundi hujificha. Ukikuta kisahani cha zamani kimegangwa kwa vibanio vya chuma kwa nyuma, usikidharau. Mafundi walitoboa kauri bila kuivunja na wakaifunga, na kuna wanaovitafuta kwa makusudi. Lakini hicho ni cha kutazama, si cha kunywea.

Ndipo ukigeuze. Neno la nchi hukupa tarehe haraka kuliko kitu kingine. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za nje ziandikwe zilikotoka, hivyo kuanzia 1891 viwanda vingi vikaanza kuandika "England", "France", "Germany". Hakuna jina la nchi? Huenda ni cha kabla ya hapo, au hakikukusudiwa kupelekwa Marekani. "Made in England" kwa kawaida ni karne ya 20. "Nippon" ni Japani kati ya 1891 na 1921, na "Occupied Japan" ni ile miaka ya kukaliwa na Wamarekani iliyokwisha 1952. "W. Germany" ni baada ya 1949. Kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba kikombe kilichoandikwa "Bone China, Made in England" ni cha wakati wa Malkia Victoria, mwachie kikombe chake.

Kiwanda ninachokipenda kwa usomaji ni Royal Worcester cha Uingereza. Maandishi "Royal Worcester England" yaliingia kwenye alama yao mwaka 1891, na kuanzia 1892 wakaongeza nukta moja kila mwaka kuizunguka alama. Unahesabu nukta, umepata mwaka. Kufikia 1915 nukta zilikuwa 24 zimebanana, ikabidi wabadilishe mtindo. Vikombe vyao vya kahawa vilivyochorwa matunda kwa mkono, pichi na zabibu juu ya majani makavu, ndani vimepakwa dhahabu yote, ni vitu ambavyo ukivishika unanyamaza. Bei yake nayo inanyamazisha.

Alama zinazoigwa zaidi ni zile maarufu. Panga mbili za buluu zilizopishana za Meissen, Ujerumani, zimechorwa na watu wengi wasiowahi kufika Meissen, akiwemo mwigaji Samson wa Paris, ambaye kazi zake leo zina wakusanyaji wake. Nyingine ni ile ya Vienna. Watu huiita mzinga wa nyuki, lakini ni ngao, wanaishika juu chini. Kiwanda cha kifalme cha Vienna kilifungwa 1864, ngao ikaendelea kutumiwa na viwanda chungu nzima vya Ujerumani na Bohemia (Ucheki ya leo). Hivyo vikombe vyenye picha za mabibi na mabwana bustanini, rangi nyekundu iliyoiva na dhahabu tele, vilivyojaa kwenye makabati ya pwani, ndivyo hivyo. Kuna vyenye saini "Kauffmann" pembeni mwa picha. Angelica Kauffman alikuwa mchoraji wa karne ya 18 na alifariki 1807. Weka lenzi juu ya shavu la yule bibi. Ukiona nukta nukta ndogo za rangi zilizopangika, hiyo ni picha ya kuchapwa, na saini imechapwa pamoja nayo. Brashi huacha mikwaruzo, haiachi nukta za mpangilio.

Limoges nayo inachanganya. Ni mji wa Ufaransa, si kiwanda. Udongo mweupe uligunduliwa karibu nake, Saint-Yrieix, mwaka 1768, na viwanda vingi vikaota. Mara nyingi utakuta alama mbili: ya kijani iliyo chini ya utando wa kioo, ya aliyetengeneza kikombe cheupe, na nyingine, aghalabu nyekundu, juu ya utando, ya aliyekipamba. Ikiwepo ya kijani pekee na maua yana mkono wa kujifunza, huenda kikombe kilisafirishwa kitupu hadi Marekani, bibi mmoja akakichora sebuleni kwake. Mimi navipenda hivyo kuliko vya kiwandani, na ni nafuu.

Anza na kikombe kimoja na kisahani chake. Seti kamili ya sita inakulazimisha kulipia vikombe vitatu usivyovipenda, na wauzaji wanajua uzuri wa kasha unavyopumbaza. Kikombe cha peke yake hakina wateja wengi, hivyo kinapatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Hakikisha tu viwili hivyo vilizaliwa pamoja: kitako kikae barabara kwenye duara la kisahani, dhahabu iwe ya wekundu uleule, namba ya nakshi iliyoandikwa kwa mkono ilingane.

Ukilitaka kasha basi, yaani vikombe sita vya kauri ndani ya vishikizo vya fedha vilivyotobolewa nakshi, toa kila kikombe kwenye kishikizo chake. Vya Kimarekani mara nyingi vina kauri ya kiwanda cha Lenox ndani. Kikivunjika kimoja, kupata mwenzake anayeingia sawasawa ni kazi ya miaka, na kishikizo kitupu hakifai kitu ila kuyeyushwa. Angalia pia mihuri ya vishikizo vyote sita, si cha kwanza tu.

Mnadani kumbuka kuna ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyotajwa nyundo ikigongwa, mara nyingi asilimia 20 hadi 30, na kodi juu ya ada. Amua kikomo chako huku ukiihesabu.

Kuhusu utunzaji, adui wa fedha ni salfa. Yai, mpira wa kufungia noti, kitambaa cha sufu, vyote huiletea weusi. Chumvi ni mbaya zaidi, maana hula. Sisi wa pwani tunaoishi na upepo wa chumvi tuifunge kwa pamba safi ndani ya mfuko, tuisafishe kidogo na mara chache, kwani kila kusugua kunaondoa kiasi cha fedha na kufuta mihuri. Kauri yenye dhahabu haiingii kwenye mashine ya kuoshea vyombo, haiguswi na dawa ya kung'arisha nguo, wala haipashwi kwenye maikrowevu. Doa la kahawa hutolewa na magadi ya keki na kidole. Vikombe visibebane. Vya kwangu nanywea kahawa ya tangawizi baada ya futari, kisha naviosha mwenyewe, mgeni haruhusiwi kunisaidia.

Safarini, funga kila kikombe peke yake, tumbo lake ulijaze soksi, visahani visimame kwa ukingo kama sahani kwenye rafu, na vyote vikae kwenye begi la mkononi.

Kitu kimoja sikibebi kuleta nyumbani, hata nikipewa bure: birika la fedha la zamani lenye vipete vyeupe kwenye mkono. Vipete hivyo viliwekwa kuzuia joto lisifike kiganjani, na mara nyingi ni pembe za ndovu. Karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe, kwa hiyo huenda vilitoka kwetu. Uingereza, tangu Juni 2022, biashara ya vitu vyenye pembe imepigwa marufuku ila vilivyosamehewa, na kwa birika la namna hii lazima liwe la kabla ya 1947, pembe isizidi asilimia 10 ya ujazo wake, na lisajiliwe kabla ya kuuzwa. Kulivusha mpaka kunahitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, vya huko na huku. Afisa wa uwanja wa ndege wa Mombasa au Unguja hatakuwa na haja ya kusikia habari za Malkia Victoria. Mabirika yenye mkono wa mbao nyeusi yapo tele kwenye minada hiyohiyo.