Dada uliyeniuliza uanzie wapi: shuka kituo kimoja kabla ya kwenu

Nimemaliza kilomita 5 za Kilimanjaro Marathon, pale Moshi, kwa miguu yangu mwenyewe. Nilipoweka picha, dada mmoja akaniandikia: "Nina kilo 110, nikipanda ngazi nahema. Nianzie wapi?" Nililia. Miaka miwili iliyopita ujumbe ule ningeuandika mimi.

Nilikuwa na kilo 104. Asubuhi daladala, mchana kiti cha ofisi, jioni sofa. Jimu nilishalipia mwezi mzima. Mwalimu akanirusharusha siku ya kwanza, magoti yakavimba, sikurudi. Halafu jioni moja, kwenye daladala ya Mwananyamala, konda akapaza sauti: "Bonge, wewe lipa siti mbili!" Gari zima likacheka. Mama niliyekaa naye akakumbatia mkoba wake, akajibana dirishani. Nikashuka kituo kisicho changu, nikatembea hadi nyumbani machozi yananitoka. Yule konda sijamsamehe hadi leo. Ila nilipofika getini niliangalia saa: dakika 20, na miguu ilikuwa imenibeba.

Kesho yake nikashuka palepale, safari hii kwa kupenda.

Wiki ya pili mapaja yakachubuka, hata maji ya kuoga yakawa yanachoma. Mbona haya hatuambiani? Pakaa mafuta ya mgando katikati ya mapaja, vaa skintaiti ndefu ndani ya dera, tafuta raba inayokukaa vizuri, hata ya mtumba. Kisha tembea. Kama una presha au sukari, pita kwanza kwa daktari, halafu tembea.

Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, mwendo wa kukuwezesha kuongea lakini si kuimba. Hesabu hiyo ilinitisha, mpaka nilipoelewa kwamba wao wenyewe wanasema kidogo ni bora kuliko kukaa tu. Siku hizi Jumamosi alfajiri navuka Daraja la Tanzanite, kwenda na kurudi. Mizani imeshuka kilo 8 tu, lakini ghorofa ya tatu ofisini napanda bila kusimama.

Dada zangu, tunaamka saa kumi usiku kuwapikia wengine. Dakika 20 zako mwenyewe unamwonea nani aibu? Wanaocheka hawatakubebea magoti yako. Tembea!

Leo jioni shuka kituo kimoja kabla. Ukifika getini, niandikie umetumia dakika ngapi.