Misemo ya Kiingereza ya maongezi: anza na hii ukifika Uingereza

Mkuu, umesema unakuja Uingereza kubeba boksi na hutaki kukaa bubu wakati wa chai. Mimi nipo kwenye kituo cha kulelea wazee, na wazee wa huku wanapiga soga kutwa, kwa hiyo nakupa ninayoyasikia kazini.

Yenye meno ni "a word". Bosi akisema "Can I have a word?" hakusalimii, anakuita pembeni na mara nyingi kuna kesi. Nilimwona mgeni mmoja anaitikia "Yes, hello!" huku anaendelea kukunja mashuka, na meneja kasimama palepale na faili mkononi. Halafu ikiwa wingi ni habari nyingine kabisa: "they had words" maana yake watu wamerushiana maneno makali.

Nyingine ni ya kukufukuza kistaarabu. Mwingereza hakwambii kachoshwa na stori zako. Atasema "I won't keep you" au "I'll let you go", utadhani wewe ndiye mwenye haraka. Hapo aga uondoke. Ukifungua mada mpya unakuwa king'ang'anizi.

Bibi akikuambia "come and have a natter", vuta kiti. "Chinwag" ni soga hiyohiyo. Ila "rabbiting on" ni kubwabwaja, na sungura kaingiaje? Ni utundu wa Cockney, yaani wenyeji wa London mashariki, wanaoficha neno nyuma ya maneno yenye vina nalo: "rabbit and pork" inalandana na "talk", kisha nguruwe akaachwa njiani akabaki sungura. Mwenye domo kupita kiasi, wanasema anaweza kuongea mpaka punda ang'oke miguu ya nyuma. Hiyo huwa inanivunja mbavu.

"Talk shop" haihusu duka, ni kuongelea kazi hata mkiwa mapumzikoni. "Beat about the bush" ni kuzunguka mbuyu, haikusumbui.

Na ukisikia fulani "has been sent to Coventry", usiulize nauli. Mji upo kweli, lakini huyo hajasafiri: wenzake wamemsusa, hakuna anayemsemesha.

Wewe mwenyewe anza kutumia "chat" na "natter". Ya sungura iache masikioni kwanza, maana ukimtamkia mtu usiyemzoea ni sawa na kumwambia afunge domo, na kesho yake utaitwa kwa "a word".