Nyonga inayomwamsha kijana usiku: ulizia CT-skani

Mtoto au kijana akilalamika kwamba nyonga inamuuma zaidi usiku, na kidonge cha ibuprofeni kinamtuliza vizuri kabisa, usikubali kuambiwa "anakua huyo" ukaishia hapo. Mwanangu aliambiwa hivyo. Baadaye tukaambiwa ni baridi yabisi, akafanyishwa mazoezi ya viungo miezi mingi, na bibi yake akawa anamkanda kwa mafuta. Eksirei haikuonyesha kitu. Huku paja moja linakonda, hata suruali ya shule inapwaya upande mmoja.

CT-skani, yaani kipimo kinachounganisha picha nyingi za eksirei kwa kompyuta, ndiyo iliyomaliza ubishi. Kwenye shingo ya mfupa wa paja palikuwa na kiini kidogo mithili ya punje ya hindi: osteoidi osteoma, uvimbe usio wa saratani. Kiini hicho hutoa kwa wingi kemikali za maumivu ziitwazo prostaglandini, na ibuprofeni huzuia hizohizo. Kikikaa ndani ya kiungo, maji hujaa na kiungo hukakamaa, ndiyo maana hudhaniwa ni baridi yabisi.

Zamani dawa yake ilikuwa kupasua na kuchonga mfupa. Tangu miaka ya 1990 ipo njia ya sindano. Mgonjwa hupewa nusukaputi au ganzi ya mgongo, daktari anatoboa tundu dogo huku akiongozwa na CT-skani, kisha ncha ya sindano inapashwa kwa mawimbi ya redio hadi nyuzi 90 hivi, kwa dakika chache tu. Mwanangu alitoka na plasta ndogo pajani. Wiki hiyohiyo alilala hadi asubuhi bila kidonge, nami nikakaa kitandani kwake nikalia.

Kabla hujasaini, muulize daktari kiini kiko umbali gani na gegedu (utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) na mishipa ya fahamu, maana joto huunguza chochote kilicho jirani. Muulize pia kama atachukua kinyama cha kupima maabara. Na usidhani kila uvimbe usio wa saratani hutibiwa hivi. Ule wa seli kubwa, unaopenda magoti, kwa kawaida hukwanguliwa.

Akishatibiwa, mzuie kukimbia na kuruka mpaka daktari aruhusu, kwa sababu mfupa uliotobolewa unaweza kuvunjika. Maumivu ya usiku yakirudi, mrudisheni mapema. Sindano inaweza kurudiwa.