Nimeanza na Yohane wa Msalaba, nimekwama

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili niko Songea, nina duka la vifaa vya shule. Kwenye kikundi chetu cha sala kuna dada alituma kwenye grupu vitabu vya watakatifu wa zamani, PDF kibao, nikaanza na Usiku wa Giza wa Yohane wa Msalaba kwa sababu jina lilinivuta. Nimesoma sura tatu kwa Kiingereza changu cha kuungaunga nikajiona mtupu kabisa. Tangu mama yangu atangulie mbele za haki mwaka jana nikisali sisikii kitu, Rozari naisema kwa mdomo tu, misani nakaa nawaza madeni. Yule dada anasema huo ndo usiku wa giza wenyewe na nifurahi, nimepanda daraja. Mume wangu anasema najitia utawa, nikaze duka. Je ni kweli niko kwenye usiku wa giza, na nisome kipi kwanza?

JIBU: Milele amina dada, na pole sana kwa kuondokewa na mama. Nalitanguliza la msiba makusudi, kwa sababu wewe umeligusa kidogo tu halafu ukakimbilia usiku wa giza, yaani ule ukavu wa sala ambao Mungu anautumia kumsafisha mtu, na mimi naona hapo ndo pa kuanzia. Mtu aliyefiwa na mama yake akisali asisikie kitu hajapanda daraja wala hajashuka, ana huzuni. Na Yohane mwenyewe, padre wa shirika la watawa la Wakarmeli huko Hispania, angekwambia hivyo hivyo, maana yule alikuwa makini kuliko watu wanaomtaja taja kwenye magrupu.

Angalia alivyofanya. Kwenye Usiku wa Giza, kitabu cha kwanza sura ya 9, anatoa alama tatu za kujua kama ukavu wa mtu umetoka kwa Mungu au umetoka kwingine. Ya kwanza, huyo mtu haoni ladha kwenye mambo ya Mungu na haioni kwenye kitu kingine chochote pia, yaani siyo kwamba sala imechuja ila umbea na vitenge bado vitamu. Ya pili, anahangaika kwamba hamtumikii Mungu, anajiona anarudi nyuma na hilo linamuuma kweli kweli. Ya tatu, ile tafakari ya kuvuta picha kichwani, Yesu bustanini, Yesu msalabani, aliyokuwa anaiweza zamani sasa haiji hata ajilazimishe vipi. Halafu anasema wazi kabisa kwamba ukavu unaweza kutokana na dhambi, au uvivu, au mwili wenyewe tu na ile hali waliyokuwa wanaiita melankolia, ambayo leo mtu tungemwambia aende hospitali akaongee na daktari. Karne ya 16 hiyo, padre anatenganisha ugonjwa wa huzuni na kazi ya Mungu, sisi huku na simu zetu tunavichanganya! Kwa hiyo kama hulali, huli, huna hamu ya kitu na miezi inazidi kwenda, muone daktari, halikuondolei imani hata chembe. Mengine kaongee na paroko wako au sista unayemwamini, ana kwa ana. Mimi sikuoni, na yule dada wa kwenye grupu naye hakuoni moyoni.

Sasa kuhusu kujiona mtupu. Hizo sura tatu ulizosoma zinawahusu watu wanaoanza safari ya sala na kasoro zao, ya pili ni kiburi cha kiroho, ya tatu ni uchoyo wa kiroho, na humo kwenye ya tatu Yohane anawasema wale wasiotosheka kusikiliza mashauri na kukusanya vitabu vingi vya mambo ya kiroho, na kuhangaika na sanamu na rozari za fasheni, badala ya kusali. PDF kibao zile dada, alishaziona kabla simu hazijazaliwa. Mimi huwa nacheka kila nikifika pale halafu naangalia kabati langu sicheki tena.

Ila kitabu chenyewe hakikuwa cha kuanzia, hilo ujue. Yohane aliandika kwanza Kupanda Mlima Karmeli, na Usiku wa Giza ni mwendelezo wake, kwa hiyo wewe umeingilia katikati. Na kwenye utangulizi wa Kupanda Mlima anasema kabisa anawaandikia hasa baadhi ya mabruda na masista wa shirika lake waliomwomba, watu waliokwisha acha kila kitu siku nyingi. Hata huo Usiku hakuumaliza, shairi lina beti nane, maelezo yanafika mwanzo wa ubeti wa tatu yanakatika. Na ni mtu aliyejua giza la kweli, Desemba 1577 Wakarmeli wenzake waliokuwa wanapinga mageuzi ya shirika lao walimkamata wakamfungia mjini Toledo kwenye kachumba kasikokuwa na mwanga hata wa kusomea vizuri, akakaa humo hadi Agosti 1578 alipotoroka. Mtu wa namna hiyo unamwendea taratibu, ukiwa tayari umezoea lugha yake.

Kwa hiyo mimi ningekuanzisha kwa Bruda Lawrence. Huyu alikuwa Mfaransa wa Lorraine, alizaliwa mnamo 1614, alikuwa askari akajeruhiwa akawa anachechemea, baadaye akaingia kwa Wakarmeli Paris kama bruda wa kawaida tu, siyo padre, wakampeleka jikoni. Na jikoni alikuwa hakupendi! Kwa asili yake alikuwa anakuchukia, lakini alikaa huko miaka karibu 15 akawa anaongea na Mungu kwenye masufuria kama anavyoongea naye kanisani, bila vipindi vya kujitenga, bila njia maalum, anamgeukia kwa maneno mafupi kazi ikiendelea. Alikufa 1691 na kitabu hakukiandika yeye, ni barua zake na maongezi ambayo padre mmoja aliyaandika na kuyakusanya, kijitabu chembamba unakimaliza hata katikati ya wateja. Kuna watu wanakiona chepesi mno. Hao waache waendelee na vizito vyao, wewe una duka na watoto wawili, na yeye alikuwa na masufuria.

Baada ya hapo nenda kwa Teresa wa Avila, sista Mkarmeli wa Hispania wa zama za Yohane, lakini usiruke kwenye Ngome ya Ndani, kitabu chake kinachoifananisha roho na ngome yenye vyumba saba, kama wengi wanavyofanya ili wajue wako chumba cha ngapi. Anza na Njia ya Ukamilifu. Aliwaandikia masista wake wachache wa monasteri ya Mtakatifu Yosefu aliyoianzisha Avila 1562, na nusu ya pili yote ni maelezo ya Baba Yetu, neno kwa neno. Humo kuna kisa nakipenda sana, sista mmoja mzee alimwendea akilia kwamba yeye sala za ndani hazimwingii, anachoweza ni kusema Baba Yetu kwa mdomo tu, Teresa akamuuliza anaisali vipi, na alivyomsikiliza akagundua yule bibi na Baba Yetu yake ameshafika kwenye taamuli safi kabisa, yaani ile sala ya kutulia tu mbele za Mungu, bila mwenyewe kujua. Sasa wewe unayesema Rozari unaisema kwa mdomo tu, tulia hapo hapo na huo mdomo. Teresa mwenyewe anakiri kwamba miaka kadhaa alikuwa kwenye saa yake ya sala anasikilizia saa igonge aondoke. Na miaka kama 18 hakuthubutu kwenda kusali bila kitabu mkononi, isipokuwa baada ya komunyo, alikuwa anakifungua mawazo yakimtawanyika, wakati mwingine alisoma kidogo, wakati mwingine kukishika tu kulitosha.

Namna ya kusoma sasa. Guigo wa pili, mmonaki wa shirika la Wakartusi wa karne ya 12, alisema kusoma ni kutia chakula kizima mdomoni, kutafakari ni kutafuna, kusali ni kupata ladha, na taamuli ni utamu wenyewe. Sisi wengi tunameza. Chukua aya moja, isome asubuhi kabla hujafungua duka, ikikugusa simama hapo ongea na Mungu kwa maneno yako, isipokugusa funga kitabu kaendelee na siku, kesho ipo. Usipige mstari kila sentensi, usitume kwenye grupu kabla haijakuingia. Na zima data.

Mumeo naye usimpuuze sana. Kwenye chumba cha tano cha Ngome ya Ndani Teresa anasema hatuwezi kujua kwa hakika kama tunampenda Mungu ila kumpenda jirani kunaonekana, na kama sista yuko kwenye utamu wa sala halafu kuna mgonjwa anahitaji msaada, aache utamu wake aende, asione amepoteza kitu. Kama tangu uanze hivi vitabu umekuwa mkali kwa watoto na wateja, mume kaona kitu. Kama umekuwa mpole zaidi, atazoea.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe Mwalimu. Mimi ni Mlutheri niko Moshi, mzee mmoja wa kanisa usharikani kwetu alinikuta na kitabu cha huyo Teresa wa Avila akasema hayo ni mambo ya Kikatoliki yaliyochanganyika na yoga, nikitupe. Nifanyeje?

JIBU: Amina. Mzee msalimie kwa heshima zote, halafu siku mkiwa na nafasi muulize kama anajua kitabu cha kwanza kabisa Luther kukichapisha kilikuwa cha namna gani. Mwaka 1516, kabla ya zile hoja 95, alichapisha sehemu ya andiko la Kijerumani la karne ya 14 ambalo mwandishi wake hajulikani jina, na 1518 akalitoa zima na utangulizi wake, ndo hiyo inayoitwa Theologia Germanica. Akaandika kwamba ukiacha Biblia na Agostino hakuna kitabu kilichomfundisha zaidi habari za Mungu na Kristo na mwanadamu. Mahubiri ya Tauler, Mdominiko wa Strasbourg, nayo aliyasoma akaandika maoni yake pembeni ya kurasa. Kwa haki niseme pia kwamba Calvin, mwanamageuzi mwingine wa Kiprotestanti, aliwaonya watu wasiisome hiyo Theologia Germanica, kwa hiyo wasiwasi wa mzee nao una ukoo wake upande wenu. Huku kwetu Wakatoliki ndo usiseme, mwaka 1559 huko Hispania lilitoka katazo la vitabu, vingi vya kiroho vya lugha ya kawaida vikaondolewa mikononi mwa watu, Teresa mwenyewe aliumia sana kunyang'anywa vyake. Na Luis de León, padre aliyekuja kusimamia uchapaji wa maandiko ya Teresa 1588, alikuwa ameshakaa jela ya Baraza la Uchunguzi, mahakama ya Kanisa ya kuwasaka wazushi, karibu miaka mitano na mojawapo ya makosa yake ni kutafsiri Wimbo Ulio Bora!

La yoga mimi silioni. Kulikuwa na watu zama zile waliofundisha kwamba ukifika juu kwenye sala uache kumfikiria Yesu kama mtu mwenye mwili, ubaki kwenye utupu wa kimya, na Teresa aliwapinga mara mbili, kwenye kitabu cha maisha yake na tena kwenye chumba cha sita cha Ngome ya Ndani, alisema hakubali na hatakubali, Kristo mtu haachwi nyuma. Mwonyeshe mzee sura hiyo. Mambo ya toharani na maombezi ya watakatifu utakutana nayo humo, huko kanisa lako lina msimamo wake na sikwambii uuache, soma Biblia iko wazi pembeni, ukifika pasipokubaliana nalo weka alama umuulize mchungaji. Kitabu usikitupe.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mi ni mwanafunzi wa chuo Dodoma, kila nikishika kitabu cha kiroho usiku nalala ukurasa wa pili. Je ni shetani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Evagrio, mmonaki aliyeishi jangwani Misri akafa 399, aliandika juu ya roho ya uvivu inayomwingia msomaji, sikiliza uone kama hukumjui mtu huyu. Anapiga miayo, anafikicha macho, anaangalia ukutani, anarudi anasoma kidogo, anafunua mpaka mwisho ahesabu kurasa zilizobaki, analaumu mwandiko na mapambo ya kitabu, mwisho anakikunja anakiweka chini ya kichwa analala, usingizi wenyewe mwepesi maana njaa inamwamsha. Evagrio angesema ndiyo, kuna pepo. Mimi nasema kwanza umetoka lekcha umechoka, unasoma umelala kitandani, saa tano usiku, kwenye simu. Teresia wa Mtoto Yesu, yule sista mtakatifu wa Lisieux Ufaransa, siyo Teresa wa Avila, alisinzia kwenye sala miaka saba, na yeye hakujitesa nalo, alisema wazazi wanampenda mtoto akiwa amelala sawa na akiwa macho. Wewe hamisha muda tu. Amka robo saa mapema, kaa kwenye kiti, kitabu cha karatasi kama kinapatikana, maktaba za seminari na nyumba za watawa mara nyingi wanaazima ukiomba vizuri. Anza na huyo huyo Bruda Lawrence niliyemtaja kwa mama wa Songea, ukimmaliza niandikie nikutajie mwingine.