Barua kwa Nyamizi: Görlitz, na ule mkanda wa picha

Mama Nyamizi, marahaba. Meseji yako niliisoma juzi usiku, nikairudia asubuhi nikiwa na miwani. Unasema umepata kazi ya unesi Görlitz, kule mpakani na Poland, mkataba wanautaka kabla mwezi haujaisha, na kwa vile baba ulisoma Dresden basi lazima unaujua, "ni mji wa namna gani, nikubali au nibaki zangu Leipzig?" Swali lako fupi, mi jibu fupi sina, unanijua. Na voisi mama yako kanipiga marufuku, anasema naongea dakika kumi na moja kabla sijafika kwenye jambo, kwa hiyo naandika.

Msimamo wangu unaujua toka uko darasa la tatu: mji usiniulize una watu wangapi, niulize treni zake zinakwenda wapi. Ndo nilivyolelewa stesheni ya Tabora, babu yako akiwa pale njia panda anatenganisha mabehewa ya Kigoma na ya Mwanza. Sasa Görlitz kwa kipimo hicho ilikuwa Tabora ya Wajerumani. Kabla ya reli ilikaa kwenye barabara kuu ya biashara ya mashariki na magharibi, Via Regia, watu wake wakatajirika kwa vitambaa na ile rangi ya bluu inayotolewa kwenye majani ya mmea, alafu 1847 wakamaliza daraja la reli juu ya mto Neisse, la mawe, mita 475, matao zaidi ya 30, treni ikawa inatoka Dresden inapita moja kwa moja hadi Breslau, ambayo leo ni Wrocław. Mwalimu wetu wa madaraja alikuwa akilitaja kama mtu anayemtaja mkwewe.

Tarehe 7 Mei 1945, kesho yake vita inaisha, wanajeshi wa Kijerumani wenyewe wakayalipua madaraja yote ya mji. Mabomu ya maadui yalikuwa yameuacha mji karibu mzima, ndo maana hata leo ukienda unakuta nyumba za miaka mia tano zimesimama, wao wakabomoa walichojenga baba zao. Alafu wakubwa wakakaa mezani wakasema mpaka ni mto. Upande wa mashariki ukawa Poland, ukaitwa Zgorzelec. Nilitaka kukuandikia kwamba hakuna mtu aliyehama, ni nchi ndo ilihama, maneno matamu hayo, lakini sio kweli, watu walihamishwa bana, Wajerumani wa ng'ambo walifukuzwa na mabegi yao, na Wapoland wengi walioletwa humo nao walikuwa wametolewa kwao mashariki zaidi ambako Warusi walichukua. Hata yule fundi viatu mwanafalsafa wao, Jakob Böhme, amezikwa Ujerumani na nyumba yake iko Poland. Na mwaka 1950 serikali mbili, ya Poland na ya Ujerumani Mashariki, zikasaini pale pale Zgorzelec kwamba huo sasa ni mpaka wa amani na urafiki. Kumbuka hilo neno urafiki, nalirudia mbele.

Mi nimefika Görlitz mara moja tu. Mara moja. Mama yako akisikia naongea anadhani niliishi miaka.

Ilikuwa Februari 1984, baridi ya kukata masikio, tulipelekwa na chuo kuangalia kiwanda cha mabehewa, kiwanda cha toka 1849, ndo walikuwa wanatengeneza yale mabehewa ya ghorofa mbili yaliyojaa Ujerumani Mashariki yote. Niliyagusa kwa mkono. Mchana tukapewa masaa mawili huru, mi na baba yako mdogo Mashaka tukaenda mtoni. Karibu na ule ukumbi wao mkubwa kuna jiwe, na hapa nivumilie kidogo maana hili bado linanifurahisha: jiwe linaonyesha mstari wa longitudo wa nyuzi 15 mashariki, unapita humo humo mjini, na saa ya Ulaya ya kati yote inahesabiwa kwa mstari huo. Yaani wakati wa baridi Görlitz ikiwa saa sita mchana, jua nalo linasema saa sita, zidisha punguza dakika kadhaa za misimu. Tabora saa yetu inaenda kwa nyuzi 45, huko baharini Somalia, kwa hiyo ukutani inasoma saa sita na jua lako bado lina karibu dakika 50 lifike utosini. Nikamwambia Mashaka, tumekaa miaka yote tunakula mchana kabla ya mchana! Alicheka mpaka akakaa kwenye theluji. Na mji huo huo una kanisa ambalo saa yake inatangulia dakika saba, wenyewe wanasimulia kwamba 1527 wafuma vitambaa walipanga kuipindua halmashauri, saa ikasogezwa mbele ili watoke mkutanoni mapema na kuangukia mikononi mwa askari. Mji mmoja, saa moja ya kweli kwa bara zima, na nyingine ya kutegea watu. Mpaka leo nikiulizwa tabia ya Görlitz ndo jibu linalonijia kwanza.

Sasa daraja. Lilikuwa limejengwa tena, treni zinapita toka 1957. Nikaliona kwa mbali, matao yamesimama kwenye barafu, na treni inakuja kutoka Poland, polepole, moshi. Nilikuwa na ile kamera ya Zenit ya baba mkubwa. Kibao cha kukataza picha nilikiona. Naomba uelewe hapa, nilikiona na Kijerumani nilikuwa nakijua, nilishasoma lugha mwaka mzima hapo hapo Leipzig kwako. Nikasema moyoni mi ni mwanafunzi wa reli, nani atanikataza daraja. Nikapiga moja.

Askari alitokea sijui wapi, kijana mdogo, hana hata ndevu. Akaniomba kamera kwa adabu kabisa. Akafungua mgongo, akauvuta mkanda wote nje kwenye mwanga kama mtu anayetoa utumbo wa samaki, akauviringisha akauweka mfukoni, akafunga kifuniko taratibu, akaangalia kama kimekaa, akanirudishia. Bitte. Basi. Hakunitukana, hakunipeleka popote, Mashaka akashukuru Mungu, tukaenda kunywa chai.

Kwenye mkanda ule, picha kumi na moja za mwanzo nilizipiga Tabora wiki ya kuondoka. Nilikuwa naubana ujae ndo nisafishe, hela ya kusafisha ilikuwa ngumu. Bibi yako yupo, amekaa mlangoni na kanga ya bluu, moja ameangalia kamera na moja amegeuka anamfokea mbuzi. Mwaka uliofuata akafariki, na mi sikuwepo. Kwa hiyo ile habari kwamba picha za bibi zilipotea wakati wa kuhamia Dodoma, ambayo mama yenu huwaambia na mi huwa nakaa kimya, sio. Ziliungua Görlitz, ukingoni mwa mpaka wa urafiki.

Nimebishana na yule kijana miaka arobaini. Alikuwa kazini. Sheria ilikuwepo, kibao kilikuwepo, mkubwa wake angemuona je. Ndio. Lakini ng'ambo ni nchi rafiki, jamani, ilitangazwa, 1972 wakafungua watu wapite bila viza, wakaoana humo, alafu 1980 Wapoland walipoanza migomo yao Berlin ikaogopa ikafunga tena. Sasa siri ipi kwenye daraja ambalo kila Mpoland analiona kutoka jikoni kwake? Ila na mi nilikiona kibao. Basi.

Najua swali lako halisi ni lipi, hukuliandika lakini mi ni baba yako. Unataka kujua kama mtu mweusi anaweza kulala usingizi pale. Mi sijaishi huko kwa zama hizi, mambo nayafuatilia kwa simu tu. AfD, kile chama cha mrengo mkali wa kulia kisichotaka wahamiaji, wana nguvu sana upande ule, jimbo la Görlitz wamelibeba kwenye uchaguzi wa taifa wa 2017, 2021 na 2025. Alafu 2019 kwenye umeya AfD walipigana hadi duru ya mwisho, akashinda Octavian Ursu, mzaliwa wa Bucharest, mpiga tarumbeta wa okestra ya pale, kwa kama asilimia 55. Utaniambia, si umeona baba, mji umechagua mgeni! Nami nitakuuliza, ile 45 inapanda basi gani asubuhi? Kisha najijibu mwenyewe, hata Leipzig wapo. Sijui unanielewa. Kuna mtu mmoja hakutaka jina, toka 1995 hadi 2016 alikuwa anaupa mji milioni moja ya marki, hela yao ya zamani, kila mwaka kutengeneza nyumba za zamani, na euro ilipokuja akaendelea vile vile, na nyumba zao za kumbukumbu ziko zaidi ya 4,000. Mji wenye mtu kama huyo unautupaje? Na daraja la miguu mji wa kale wakalirudisha 2004, Desemba 2007 ukaguzi wa mpakani ukaondoka, unakwenda Poland kununua mkate unarudi chai haijapoa. Alafu 2020 korona ikaja, nikaona kwenye taarifa uzio katikati ya daraja lile lile na wapenzi wamesimama huku na huku. Nilizima tivii. Na 2023 Wajerumani wakarudisha ukaguzi, 2025 Wapoland nao, kwa hiyo ukienda, pasi yako isitoke mwilini, hata ukivuka kununua mkate.

Na treni zake zinakwenda wapi? Wapoland wamevuta umeme mpaka Zgorzelec toka 2019, upande wa Ujerumani kwenda Dresden bado ni dizeli, Wajerumani hao hao waliotujengea reli ya kati, sisi leo tunaenda Dodoma kwa umeme! Kile kiwanda changu nacho, 2025 wametangaza kinakwenda kwa watu wa silaha, vipande vya vifaru badala ya mabehewa. Hilo limeniuma kuliko nilivyotegemea.

Nikubali au nisikubali, umeuliza. Ungekuwa kijana wangu wa kiume ningeshasema... hapana, hata hilo sio kweli. Mdomo unaniwasha lakini mama yako kasema nikuachie mwenyewe, na safari hii namsikiliza. Nenda kwanza Jumamosi moja, shuka pale stesheni, kaa kwenye benchi saa nzima uhesabu wanaoshuka na wanaopanda, uangalie wanavyokuangalia.

Alafu tembea mpaka juu pale daraja linapoonekana lote, subiri treni ipite, unipigie picha. Siku hizi hakuna kibao. Na wewe uwemo, muombe mtu akupige. Shangazi yako anasema umefanana na bibi hasa hapa kwenye paji la uso na mi huwa namkubalia tu, ushahidi wa kumbishia sina.