Je, Mungu anasema nami kupitia mambo ya ugenini?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Ninaishi nje ya nchi, nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Zamu zangu nyingi ni za usiku na Jumapili mara nyingi niko kazini, kwa hiyo ibada naifuata kwenye simu. Nimeanza kuandika kwenye daftari mafunzo ya imani ninayoyapata katika mambo ya kila siku: theluji, treni, mzee ninayemtunza ambaye huniuliza swali lile lile usiku kucha, mfanyakazi mwenzangu asiyeamini ambaye ni mwaminifu kuliko mimi. Juzi niliachwa na treni nikakosa usaili wa kazi nyingine, nikaandika kwamba Mungu ameufunga mlango huo. Rafiki yangu anasema najitungia maandiko. Je, ni kweli?

JIBU: Asifiwe milele, dada. Rafiki yako ana hoja, ila ameivuta mbali mno. Katika daftari lako kuna mambo mawili yaliyochanganyika.

Kujifunza kutokana na kile unachokiona ni jambo la Biblia kabisa. Soma Mithali 24:30-34. Mtu anapita kando ya shamba la mvivu, anaona miiba imeota kila mahali na ukuta wa mawe umebomoka. Anasimama, anatazama, anafikiri, anaondoka na fundisho. Hakuna malaika wala ndoto. Bwana wetu naye aliwaelekeza wanafunzi wake kwa ndege wa angani na maua ya mashamba (Mathayo 6:26-30). Hata hiyo theluji yako imo: Isaya 55:10-11 inaitaja pamoja na mvua, ikionyesha jinsi neno la Mungu lisivyorudi bure. Ukiiona dirishani alfajiri zamu ikiisha, andika bila wasiwasi.

Lakini angalia yule mtu wa Mithali alipata nini. Alipata jambo ambalo hekima ya Mungu ilikuwa inalifundisha siku zote, kwamba uvivu huleta umaskini. Hakusema, "Nimeonyeshwa shamba hili, basi nilinunue." Wewe kwenye treni umevuka mpaka huo. Utaniambia kwamba Yeremia alionyeshwa ufito wa mlozi na Amosi kikapu cha matunda, nao wakapata ujumbe. Ni kweli, ila hawakukisia maana yake, Mungu mwenyewe aliwaambia (Yeremia 1:11-12, Amosi 8:1-2). Wewe umeambiwa na nani, zaidi ya mlango wa treni uliofungwa mbele yako?

Paulo aliwaandikia Warumi kwamba mara nyingi alikusudia kwenda kwao akazuiwa (Warumi 1:13). Hakuhitimisha kwamba Mungu hataki. Aliendelea kuomba na kupanga safari, na mwishowe alifika Rumi, tena akiwa mfungwa. Kwa hiyo waandikie hao waajiri, omba radhi, uliza kama nafasi ingalipo. Wakikataa, utakuwa umejibiwa na waajiri, na hilo halipunguzi ulinzi wa Mungu juu yako.

Sasa huyo mzee. Hapa nitasema kwa ukali kidogo, maana naona hatari ambayo rafiki yako hakuigusa. Mzee si mfano uliowekwa kitandani ili wewe ukue kiroho. Ni jirani yako. Yule Msamaria wa Luka 10 hatuambiwi kwamba alitafakari chochote kuhusu majeruhi wa njiani. Tunaambiwa alimfunga jeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akalipa. Mzee akikuuliza tena ni saa ngapi, mtazame usoni umjibu kama ni mara ya kwanza, umrekebishie mto, umpe maji. Kuandika kutasubiri. Na usiku ambao hukuandika kitu kwa sababu alikuhitaji mno haujapotea mbele za Mungu.

Kuhusu mwenzako asiyeamini, sioni shida yoyote. Yesu mwenyewe alistaajabia imani ya akida Mrumi (Mathayo 8:10), na watu wa Malta, ambao hawakuwa wameijua Injili, waliwawashia moto Paulo na wenzake mvua ikinyesha (Matendo 28:2). Ila usiishie kumwandika kwa siri; mwambie shukrani zako.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba unayachambua haya yote peke yako. Danieli alikuwa ugenini Babeli, kijana mwenye hekima kuliko wengi, lakini ilipotakiwa tafsiri ya ndoto ya mfalme alirudi nyumbani akawaambia Hanania, Mishaeli na Azaria, wakaomba pamoja (Danieli 2:17-18). Simu inaleta mahubiri, lakini haikuulizi, "Hapo umetoa wapi?" Kwa hiyo omba zamu yako ibadilishwe walau Jumapili moja moja. Ikishindikana, tafuta waamini wawili watatu wanaokutana katikati ya wiki, hata kama lugha yao inakupa taabu. Wasomee daftari lako, waache wakubishie. Na huyo rafiki aliyeanza kukubishia, mwalike naye.